Wanjala wa Mama Wawili na Kura Yake

Kijana aliyerithi meza yangu aliniuliza swali moja tu siku ya kukabidhiana kazi: ufunguo wa kabati uko wapi. Nikamwonyesha. Hakuniuliza kama mtu aliyewahi kuhukumiwa anaruhusiwa kupiga kura, na hilo ndilo swali nililoulizwa kuliko yote katika miaka yangu ya probesheni, Kitale na Bungoma. Basi nalijibu hapa kabla halijawakwama kooni nyinyi mliobaki kazini. Naonya mapema kwamba sheria yenyewe naijua, naweza kuisoma nikiwa nimelala. Kinachonichanganya ni watu, na nimestaafu nikiwa bado nimechanganyikiwa.

Nilizaliwa Trans Nzoia, kwenye shamba ambalo wazazi wangu walinunua walipohamia kutoka upande wa Mlima Kenya. Nyumbani tuliongea Kikuyu, kanisani Kikuyu, na Kiswahili tulikiokota sokoni pamoja na vitunguu. Kiswahili nilicho nacho leo nilifundishwa na bosi wangu wa kwanza, Mzee Swaleh, mzaliwa wa Kitale mjini, jirani wa msikiti. Mzee huyo hakuvumilia mtu aseme "ile mtu" ofisini mwake. Ukisema hivyo anaweka kalamu chini, anakutazama mpaka ujirekebishe, na mshtakiwa naye anakutazama.

Siku ya kwanza niliripoti na viatu vya kisigino. Mzee Swaleh hakunipa meza, alinipa gambuti. Kwa wasioijua kazi yetu, afisa wa probesheni ndiye anayetumwa na korti mpaka nyumbani kwa mshtakiwa, aone anaishi vipi, aulize majirani, kisha aandike ripoti ya kumsaidia hakimu kuamua. Mtu akipewa kifungo cha nje, ni sisi tunaomfuatilia. Yote hayo hufanyika kwenye matope, kwa hiyo gambuti zilikuwa na akili kuliko meza.

Alinifundisha nikifika kwenye boma nisianze na mtu, nianze na kuni. Kuni zikiwa zimepasuliwa na kupangwa, kuna mwanamume nyumbani na hajalewa. Halafu mbwa: akibweka na hakuna anayemkemea, hutakiwi, rudi siku nyingine. Na chai ukipewa, kunywa, hata kama inanuka moshi, kwa sababu ripoti ya mtu aliyekataa chai huwa kali bila sababu. Nyinyi mnaokuja na simu za kupiga picha kila kitu, pigeni, lakini chai mnywe.

Wakati huo jibu la swali la kura lilikuwa rahisi. Ukionja jela, kura kwaheri. Mpaka leo sijui kama ni sheria iliyosema hivyo kwa kila mtu au ni midomo ya watu, maana chifu alisema, mchungaji akasema, na mama muuza ndizi nje ya korti akasema kwa sauti kubwa kuwashinda wote. Waliotoka jela hawakubisha. Siku ya uchaguzi walibaki nyumbani wakichunga mbuzi, na kijiji kizima kilijua kwa nini.

Kisha ikaja katiba mpya, na mambo yakageuka. Tukaelezwa vizuri kwamba hukumu inayomwondolea mtu kura ni ya aina moja tu, ile ya kosa la uchaguzi wenyewe, na hata hiyo ni kwa miaka mitano tangu ahukumiwe. Mwizi wa kuku anapiga kura. Mpika chang'aa anapiga. Hata wafungwa wakaanza kupiga kura wakiwa ndani, na mimi niliwahi kusimama langoni kuwatazama, wamevaa nguo zao za jela katika foleni iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kuona. Askari mmoja aliniinamia akasema, "Hawa hawana haraka, Madam."

Nilifikiri kazi imekuwa nyepesi. Kumbe nilikuwa najidanganya. Ukimwambia mtu aliyetoka jela kwamba kura yake iko, anakutazama kama unayemtega. Wengine walisema, "Ati nani amesema?" Nikisema katiba, wanauliza katiba ni nani.

Nikahamishiwa Bungoma, nikapewa pikipiki ya serikali iliyokuwa na tabia ya kuzima mtoni, na huko ndiko nilikokutana na Wanjala.

Kesi yake ilikuja miezi michache baada ya uchaguzi mkuu. Niliposoma "kosa la uchaguzi" kwenye jalada, nilitarajia mgawaji wa hongo au mvunja masanduku. Nje ya korti nilimkuta mchoma matofali kutoka upande wa Bumula, mtu wa makamo, mpole, amevaa shati la kanisani. Ameketi kwenye benchi katikati ya wanawake wazee wawili wasioona, na kila mmoja amemshika mkono.

Mambo yalikuwa hivi. Mpiga kura asiyeona anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini ili amwekee alama. Msaidizi huyo anaapa mbele ya msimamizi wa kituo, na anaruhusiwa kumsaidia mtu mmoja tu, hata kama kuna wengine kumi wanaomhitaji. Nia ni nzuri, asije mjanja akakusanya wazee wa kijiji kizima akawapigia kura. Wanjala aliingia na Mama Dina kwenye chumba cha darasa la pili, akaapa, akamsaidia. Kisha akatoka mpaka kwenye ua, alikokuwa ameketi Mama Respa tangu alfajiri na kitambaa chake cheupe cha kanisa. Jina la Respa lilikuwa chumba cha darasa la sita. Huko Wanjala akaapa tena kwamba hajamsaidia mtu mwingine siku hiyo. Wakala wa chama kimoja, ambaye ni jirani yake, alikuwa amemwona kote kuwili.

Kortini Wanjala hakumpotezea mtu wakati. "Ni kweli nilisaidia wote wawili," alimwambia hakimu. "Ningeacha nani?"

Hakimu aliinama, akaandika kidogo, akaagiza ripoti ya probesheni. Yaani lile swali alinitupia mimi.

Nilienda Bumula nikaanza na kuni. Boma lilikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, na mbele ya kila nyumba rundo la kuni, marundo mawili yanayolingana kabisa. Mitungi ya maji miwili. Mbwa alikuwa mmoja, amelala katikati. Mama Dina alikuwa mke mkubwa wa marehemu baba yake Wanjala, na Mama Respa mke mdogo. Wote wawili macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho kwa miaka, wakaenda Lugulu kwa daktari, wakaambiwa wamechelewa. Nilikunywa chai kwa Dina, na nilipotaka kuanza maswali Wanjala akaninong'oneza kwamba bado chai ya Respa, nisimletee shida nyumbani. Nikanywa tena.

"Mama yako mzazi ni yupi?" nikamwuliza.

"Hiyo unauliza ya nini, Madam?"

"Ripoti inataka."

"Andika wote."

Nilimwambia ripoti haiandikwi hivyo. Mama Dina akajibu kutoka ndani ya nyumba, bila hata kuinuka. "Respa ndiye alizaa. Halafu akagonjeka mwaka mzima, mimi nikanyonyesha huyu pamoja na wangu. Wangu walikufa, huyu akabaki. Sasa wewe utamgawa aje?"

Sikumgawa. Niliandika wote.

Halafu wakanieleza jambo ambalo lilinikalia kichwani kuliko kesi yenyewe. Baba alipokufa, ilifika siku ya kunyoa, ile siku baada ya mazishi ambapo Wabukusu hukaa pamoja kumaliza maneno ya marehemu, madeni yake na alichoacha. Wazee walimsimamisha Wanjala mbele ya watu wote, yeye akiwa ndiye mwana pekee aliyebaki, wakamwambia: hawa ni mama zako wawili, ukimpa mmoja maji umpe na mwenzake, na siku utakayomshika mmoja mkono ukamwacha mwingine, umebomoa boma la baba yako. Akakubali, watu wakisikia. Kwa hiyo tangu hapo alikuwa na kiapo chake, na siku ya uchaguzi serikali ikampa kingine, na viapo hivyo viwili havipatani.

Nilimwuliza Mama Respa kwa nini hakusaidiwa na msimamizi wa kituo mwenyewe, maana sheria inaruhusu mpiga kura asiye na mtu asaidiwe na msimamizi, mawakala wakishuhudia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Niambie mtu sijui hata jina yake siri yangu, na mawakala wamesimama hapo wananisikia? Si afadhali nitangaze kwa redio."

Niliandika ripoti nzuri, naweza kusema hivyo bila haya. Hakimu alimpa Wanjala huduma kwa jamii, afyeke nyasi katika shule ile ile iliyokuwa kituo cha kura, na hiyo miaka mitano bila kura ikaja yenyewe nyuma ya hukumu. Naibu wa chifu wa wakati huo akaitisha baraza akatangaza kwamba Wanjala ameondolewa kura na watu wajifunze kwake. Wanjala alisikiliza hayo akiwa amesimama na fyekeo mkononi, kwa sababu baraza lilifanyika pale pale shuleni na alikuwa kazini.

Alikuwa anakuja ofisini kuripoti, anakaa kwenye benchi akingoja zamu yake. Siku moja alikaa karibu na jamaa kutoka Malakisi aliyekuwa amemaliza kifungo chake kirefu. Huyo alivunja ghala la tumbaku, na alipokuwa hapo akavunja na taya la mlinzi. Akaniuliza lile swali langu la kila siku, kama ataweza kupiga kura. Nikamwambia ndiyo, kwa nini asiweze, aende ajiandikishe. Alifurahi kidogo, akauliza tena kuhakikisha, akaenda zake.

Wanjala alikuwa anatazama sakafu. "Huyo amevunja mtu taya," akasema.

"Ndiyo."

"Na anapiga."

"Ndiyo."

"Mimi nilishika mama mkono, na sipigi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejumlisha hesabu na jibu linakataa kutoka. "Madam, hiyo shelia inaogopa nini?" Kwao wengi hulitamka hivyo neno sheria, na sikuwa na moyo wa Mzee Swaleh wa kuweka kalamu chini.

Nilimweleza kwamba kosa la uchaguzi ni la kuharibu chombo cha watu wote, na ndiyo maana adhabu yake inagusa chombo hicho hicho. Maneno hayo niliyaamini nilipoyaanza. Nilipofika mwisho wa sentensi nilimwona ananisikiliza kwa adabu, mikono mipana ya matofali imewekwa juu ya magoti, na nikasikia jinsi nilivyokuwa nikiongea. Nikamwambia aende nyumbani, mvua inakuja.

Miaka ilisonga, uchaguzi ukakaribia tena. Wanjala alikuwa amepiga hesabu yake kwamba miaka mitano ni kutoka uchaguzi mpaka uchaguzi. Lakini alihukumiwa miezi kadhaa baada ya kura, kwa hiyo muda wake ulikuwa bado. Nilitaka kuhakikisha. Nikapiga simu ofisi tatu, nikapata majibu manne. Mmoja alisema tunahesabu tangu kosa, mwingine tangu hukumu, wa tatu akasema tangu amalize kufyeka, kisha akapiga tena baadaye kusema hajui. Nikafungua katiba nikasoma mwenyewe: ni tangu hukumu. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulimkata Wanjala mbele, nyuma na ubavuni, maana adhabu ya miaka mitano ilimfungia nje kwa karibu muda wa chaguzi mbili.

Vijana waliokuwa wakimsaidia kupanga matofali walikuwa na elimu yao. "Mzae, si uende tu," walimwambia. "Jina yako bado iko kwa mashine. Ukiweka kidole itakukubali, bana." Na walisema kweli, jina halikuwa limeondolewa. Hakuna aliyekumbuka kuliondoa. Akaja kuniuliza.

"Nikienda na mashine inikubali, mwenye makosa ni mimi ama ni mashine?"

"Ni wewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mashine haikuhukumiwa."

Nililipenda jibu hilo kwa muda mfupi. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu, akacheka, na hapo ndipo likaacha kunipendeza. Nilikuwa nimemwambia mtu kwamba hata mlango ukiwa wazi asiingie, na yeye alikuwa wa kutii. Sijui hata sasa kama ningemwambia vingine. Nadhani singemwambia. Lakini nilitamani kuwe na mtu wa juu yangu wa kuniambia nilifanya sawa, na juu yangu kulikuwa na watu wale wale watatu wa simu.

Siku ya kura nilienda kupiga yangu Kitale, niliko na jina. Wiki iliyofuata nilipita Bumula. Wanjala hakupiga, hilo nililijua. Sikujua kwamba na mama zake pia hawakutoka nyumbani.

"Si ungempeleka mmoja?" nikamwambia. "Msaidizi si lazima awe mpiga kura. Sheria ilikuruhusu umshike mmoja."

"Gani?" akauliza.

Mama Respa, aliyekuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba akichambua maharagwe kwa vidole, akasema, "Tunangoja nyinyi na shelia yenu mmalizane. Huyu akirudishiwa yake, tutaenda wote watatu. Akikosa, hii nyumba haina kura." Dina akaitikia kutoka ng'ambo ya pili. Hao wawili hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi, lakini hapo walikuwa kitu kimoja, na nilielewa kwamba nyumba ile ilikuwa imejifunga yenyewe kwa ajili ya mtoto. Na walikuwa wazee sana.

Nikatoa ahadi. Mzee Swaleh alinionya zamani nisiahidi chochote nikiwa nimesimama kwenye boma la mtu, lakini niliahidi. Nilisema uchaguzi ujao nitakuwa nimestaafu, sitakuwa tena afisa wa mtu. Nitapiga yangu Kitale asubuhi na mapema, nije Bumula nimshike Mama Respa mkono, na Wanjala amshike Mama Dina. Kila mmoja na msaidizi wake, sheria haina la kusema.

Mama Respa aliomba mkono wangu, akaupapasa kiganja. "Iko laini. Wewe hujui kulima?"

"Najua kuandika."

"Haya. Utanishika. Lakini usinivute."

Miaka mitano ilipotimia hakuna lolote lililotokea. Wanjala alikuja ofisini Bungoma na lile shati la kanisani, limefuliwa mpaka kola imekuwa nyeupe, akakaa mbele yangu.

"Imeisha, Madam. Nimekuja kuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Kura yangu."

Niliguna. Nikamweleza kwamba hakuna anayeigawa, muda ukiisha umeisha, kura inarudi yenyewe kama nywele baada ya kunyolewa.

"Nywele ukishika kichwa unaisikia," akasema. "Hii nashika wapi?"

Nilijitolea kumtafutia barua kutoka mahali fulani, ingawa sikujua mahali hapo ni wapi. Akakataa. "Barua ni mimi nitasoma peke yangu. Mimi nilitangazwa. Watoto wa shule wanajua, kanisa wanajua. Nikisimama kwa hiyo foleni watasema nimeenda kuiba tena. Nataka isemwe kwa watu, vile ilisemwa kwa watu. Na isemwe mama zangu wakisikia."

Nikaenda kwa naibu wa chifu. Yule wa zamani alikuwa ameondoka na huyu alikuwa mgeni. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. "Madam, mimi sikumwondolea," akasema. "Sasa nitamrudishia vipi?" Nilitafuta kosa katika maneno hayo, nikalikosa. Kortini nako waliniambia kazi yao ni kuhukumu, na hukumu imekwisha. Watu wa kura wakasema jina liko, shida iko wapi. Kila niliyemwuliza alikuwa sawa, na Wanjala alikuwa bado amekaa nyumbani.

Jumamosi moja nilimwendea Mzee Swaleh Kitale. Siku hizi hukaa nje ya duka la nguo la mpwa wake karibu na msikiti, na kahawa. Aliniambia kabla sijaketi nisimwulize mambo ya katiba mpya, yeye alistaafu na ile ya zamani. Nikamweleza hata hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akajaza kikombe changu.

"Kura walimwondolea wapi?"

"Kortini."

"Kortini walimhukumu. Kura walimwondolea wapi?"

Nikafikiri. "Barazani."

"Basi njia unaijua. Kunywa kahawa." Kisha akanikosoa, maana katika maelezo yangu nilikuwa nimesema "ile hukumu yake ilikuanga". Nimestaafu nikiwa bado nakosolewa.

Nilipanga nihudhurie baraza linalofuata, nimwombe naibu wa chifu aniruhusu niseme mimi. Sijui kama afisa wa probesheni ana mamlaka hayo. Nilifungua vitabu vyangu vyote, havikunikataza wala kunikubalia. Zilikuwa zimebaki wiki chache nistaafu. Kabla ya baraza, Wanjala akanipigia simu.

"Mama Respa ametuacha, Madam," akasema. Nikaketi kitandani. Nililia, na sioni aibu kuwaambia, ingawa mnajua mimi si mtu wa machozi. Nilikuwa nimeshamwandalia mkono.

Siku ya mazishi kulikuwa na wanasiasa na vipaza sauti, sikuona nafasi ya neno langu hapo. Nilirudi siku ya kunyoa, siku ya watu wa nyumbani. Naibu wa chifu alikuwepo, ameketi pembeni. Walimaliza madeni ya Respa, ambayo yalikuwa debe la mahindi na leso ya mtu. Mzee aliyekuwa anaongoza akauliza kama kuna mwenye neno lingine linalomhusu marehemu. Nikasimama.

Nikasema mimi ni afisa wa probesheni, wengi mnanijua kwa pikipiki. Nikasema marehemu alikuwa akingoja jambo, na nisingependa maneno yake yamalizwe na hilo halijasemwa. Wanjala alihukumiwa, akafyeka nyasi mkimwona, akakaa miaka mitano bila kura, na miaka hiyo imekwisha. Kura yake imerudi. Akisimama kwenye foleni, amesimama kwa haki yake.

Watu wakatazamana. Yule mzee akauliza polepole, "Imerudishwa na nani?"

"Hakuna mtu, Mzee. Sheria inasema inarudi yenyewe."

Akatikisa kichwa. "Kitu haiwezi kurudi yenyewe. Hata ng'ombe ikipotea, ikirudi kuna mtu ameileta."

Wengine wakaitikia. Nilimwona Wanjala ameinamisha kichwa kilichonyolewa upya, na Mama Dina kando yake amegeuza sikio kwangu. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuongeza neno juu ya sheria wala kupunguza. Nikasema, "Basi nimeileta mimi."

"Umeitoa wapi?"

"Kitale," nikasema. Sijui kwa nini nilisema Kitale. Ndiyo iliyonijia.

Mzee akafikiri, akaonekana kuridhika na umbali huo. Akamwambia Wanjala asimame, akasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "Kura ya huyu mtoto imeletwa. Imetoka Kitale, imefika. Asiulizwe tena na mtu." Watu wakasema sawa. Naibu wa chifu naye akasema sawa. Mama Dina akanyoosha mkono hewani akimtafuta mwanawe, akampata kwenye kiwiko.

Mkiniuliza ni kifungu gani nilichotumia, hakuna. Hakuna kilichoondoka kwenye mashine, hakuna kilichorudi, na mtu alikuwa amekaa nje ya kitu hicho miaka yote hiyo mpaka mwanamke wa Kikuyu aseme uongo mdogo juu ya Kitale. Msinifuate mimi katika hilo. Au nifuateni, sijui.

Wanjala alinisindikiza mpaka barabarani nilikoacha pikipiki. Nilimwambia naona haya kwa ile ahadi, kwamba nilisema nitamshika Mama Respa na sikumshika.

"Alikuwa anakuongelea," akasema. "Ati mkono laini."

Nikamwuliza kama uchaguzi ujao atampeleka Mama Dina.

"Nitampeleka." Alinishikia pikipiki nikapanda, akaifuta kiti kwa mkono wa shati. "Saa hii naweza kuapa bila shida, Madam. Nimebaki na mama mmoja, vile shelia inataka."